Filomena Aliyetolewa Kwenye Kalenda

Mama yangu, Mama Filomena,

Huko uliko, acha kwanza kuwapangia malaika viti, unisikilize.

Unakumbuka wakati wa vita, Baba alipokwama Beni na lori la mawese, barabara ya kurudi Butembo imefungwa? Ulianza novena, zile sala zako za siku tisa, kwa Mtakatifu Filomena, somo wako wa ubatizo. Ndipo katekista wetu, ambaye hakukosa mlo kwetu, akakuambia mbele ya akina mama wa jumuiya: "Mama, Roma ilishamutosha, ilishamutoa mu kalendari. Bataalamu banasema pengine ule mutakatifu hayiko. Tukuite tu Maria."

Ulimtazama kuanzia viatu hadi upara. "Lakini kama Filomena hayiko, sombe ulikula jana ilipikwa na nani?"

Akina mama walicheka hadi vitenge vikawalegea. Hata yeye alicheka, maskini.

Lakini jikoni hukucheka. Ulisonga bugali, halafu ukaniuliza: "Masika, kama kweli hayiko, baba yako anachungwa na nani kule?" Swali hilo lilinitisha kuliko risasi. Kesho yake ukaigeuza novena. Badala ya kumwomba Filomena, ukaanza kumwombea: "Mungu, umurudishe Filomena mu kalendari, na bwana yangu ku nyumba." Nami nikaitikia amina huku nimeuma kitenge nisicheke.

Baba alirudi kwa miguu, bila lori, amekonda, vumbi hadi kwenye kope. Akaita kutoka mlangoni: "Filomena! Filomena, uko?"

Ulitupa mwiko. "Niko! Niko, niko!" Nadhani hata Roma walisikia.

Tangu ututoke nina hamu nawe, Mama, hasa Jumapili, maana hakuna wa kunigombeza kwa kuchelewa misa. Wiki hii nimempeleka mjukuu wako parokiani kuandikishwa ubatizo. Padri, kijana mpya, akauliza jina la somo wake. Nikasema Filomena. Akakuna kichwa: "Ule bataalamu bangali banamubishania, mama." Nilitaka jina lako libaki nyumbani kwetu, si jingine.

"Babishane tu, mon père," nikamwambia. "Kwetu tukimuita, anaitika."

Hapo hapo mtoto akaangua kilio, sauti yako kabisa. Padri akacheka, akaandika.

Pumzika vema, Mama. Ukikutana na somo wako, mwambie amepata mtoto Butembo.

Binti yako wa kwanza,
Masika