Dawa Haishiki Mwenye Hasira

Jumatatu, 4 Machi
Kidonge cha pili cha kupevusha mayai. Nimemeza, nikatabasamu. Siku hizi natabasamu mpaka mashavu yanauma. Ni agizo la daktari. Mume wangu Emanuel alifuata majibu yetu hospitali ya Katesh peke yake, akarudi akasema sote wazima, ila dawa haishiki mtu mwenye hasira. Mimi nina hasira. Nilizaliwa nayo.

Jumatano, 6 Machi
Mama mkwe anasema kinyongo hufunga tumbo. Niwaombe msamaha wote niliowahi kuwakosea. Kijiji kizima cha Gitting, basi! Nimeanza na yeye. Shikamoo mama, nisamehe. Kaniacha nimepiga magoti mpaka akamaliza chai yake.

Jumapili, 10 Machi
Nimesimama mbele ya jumuiya ya kanisa, nikaomba radhi kwa ulimi wangu. Hata kwa jirani ambaye ng'ombe wake walikula ngano yangu. Aibu tupu. Emanuel alinishika mkono muda wote. Nilimpenda sana leo.

Alhamisi, 14 Machi
Katesh, kupigwa utrasaundi. Nimekwenda mwenyewe, Emanuel ana palizi. Yai moja limepevuka vizuri. Daktari kafurahi: leo na kesho msikose kukutana. Nikamwambia najitahidi kuacha hasira. Akanishangaa.

"Nani kakwambia hasira inazuia dawa? Mawazo yanamchosha mtu, mama, lakini wewe dawa imekushika. Mumeo je, anameza zake? Nilimweleza mbegu zake ni chache."

Nimerudi Gitting bila kusalimia mtu.

Ijumaa, 15 Machi
Nimemuuliza Emanuel, hajakana. Dawa zake hata hakununua. "Ningewaambiaje nyumbani?" Eti hivyo. Mimi niliwaambiaje? Kanisaliti huku kanishika mkono! Namchukia. Naandika tena: namchukia.

Mbegu chache si sawa na hakuna. Najua. Na leo ndiyo siku ya mwisho. Jioni kaja mlangoni, kaniita kwa upole. Nilikuwa nimejifungia stoo, nimekaa juu ya magunia ya mbolea. Nikanyanyuka mara moja, nikashika komeo. Nikakaa tena.

Jumamosi, 16 Machi
Baridi. Mlima ulio juu yetu hauonekani kwa ukungu. Nimekamua, nimefagia banda, nimepalilia mstari mmoja wa maharage nikachoka. Emanuel yuko ng'ambo ya shamba, hasogei huku. Nililitaka lile yai kuliko kitu chochote. Nimeliacha lipite.