Swichi ya Ndeti

Zombe

Mdogo wangu Kaveke,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Huku mvua imenyesha, pojo zimeota vizuri, na yule mbuzi mkaidi amezaa mapacha.

Ulisikia mambo ya swichi yangu? Nyaya za nyumba hii ni za zamani, pale ukutani hakuna nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, na mafundi wote wa hapa walisema swichi ya kuwashwa na simu haiwezi kukaa. Ndeti wangu alifunga kidude kidogo kule juu karibu na balbu, ikakubali! Akiwa Qatar, jioni anabonyeza simu yake, sebule yangu inawaka bila mimi kugusa swichi ya ukutani. Majirani walikuwa wanakuja kuangalia tu. Nani mwingine amezaa mtoto kama huyo?

Ndeti alianguka kazini wiki jana, hakuamka. Mwili unafika Ijumaa.

Watu wamejaa hapa. Jana jioni mchungaji aliniuliza, "Mama Ndeti, si ubonyeze tu hapo ukutani tuone kusoma?"

Nikamwambia, "Hiyo huwashwa na Ndeti."

Akafunga Biblia, wakaimba hivyo hivyo gizani.

Ukija, beba tochi.

Dada yako,
Mama Ndeti