Mama, Mapezi Yameshika

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Boti haivuji. Naanza na hilo kwa sababu hukumpenda mtu anayezunguka kabla ya kusema lililomleta. Haivuji, haiyumbi, na karatasi ya kazi ina sahihi yangu mimi, Tatu, mtoto wako wa mwisho.

Ulikuja Toronto mara moja tu, mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelundikana kando ya barabara zetu za Malvern. Wenzangu huwapeleka mama zao kutazama maporomoko ya maji. Mimi nilikupeleka kazini. Ulisimama kwenye uwanja wetu kando ya ziwa, umevaa koti langu juu ya kanga mbili, ukazitazama boti za matajiri zilizopandishwa nchi kavu na kufunikwa plastiki nyeupe kuanzia juu hadi chini.

"Mbona mmezivika sanda?" uliniuliza.

"Zinasubiri joto, mama. Barafu isiziumize."

"Kumbe hazijafa."

Tukainama chini ya mojawapo, nikakuonyesha pezi. Lilikuwa kubwa kama mlango wa kabati, limetokeza ubavuni, mahali ambapo boti ikiwa majini huwezi kupaona. Nilikueleza kwamba yako mawili, kila upande moja, na kwamba boti ikianza kulala upande kuna kifaa ndani kinachohisi, kisha mafuta yenye nguvu husukuma na pezi hugeuka, boti ikasimama wima. Ulilipapasa pezi kwa kiganja chote. Halafu ukauliza swali ambalo hata wenye boti hawaniulizi: "Na pale shafti inapopenya kuingia ndani, maji yanazuiwa na nini?"

Nilicheka kwa furaha. Nani mwingine angeuliza hivyo? Ulikuwa umeendesha mashine ya kusaga pale Kondoa miaka yote ya utoto wangu, unga kwenye nyusi, spana mfukoni. Nilikujibu kuwa kuna pete ya mpira tunayoiita sili. Inakumbatia shafti, maji yabaki nje na mafuta yabaki ndani. Ukaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ndugu yake.

Sasa nikusimulie ya mwaka huu.

Boti moja ya futi sabini na kitu ililetwa kwetu ikivuja kwenye pezi la kushoto. Ilikuwa imeshabadilishwa sili mara mbili, misimu miwili mfululizo, na kila mara ilianza tena. Msimu uliopita mafuta yalipungua wenyewe wakiwa katikati ya ziwa, pezi likagoma, boti ikalala ghafla. Bi Ellen, mke wa mwenye boti, mama wa miaka sabini, alianguka jikoni akavunjika mkono. Tangu siku hiyo hakuikanyaga tena.

Msimamizi wetu, Keith, alinipa kazi hiyo niiongoze. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa na Kamau, yule Mkenya wa mtaa wa Mount Dennis aliyekubebea mfuko siku ile. Tuliikwangua boti kome walioganda chini yake, tukalifunga pezi kwenye mikanda, tukalivuta kwa jeki mpaka likaachia shafti kwa mlio uliowafanya watu wa uwanja mzima wageuke. Tukaishusha shafti, tukaitoa sili. Sili ilikuwa imechanika, kama ilivyotarajiwa.

Keith akachungulia. "Safi. Weka mpya, funga. Ijumaa iwe majini, Jumamosi wana safari."

Nilikuwa nimeshaishika sili mpya. Sijui kwa nini nilivua glavu. Nilipitisha ukucha juu ya shafti, pale mdomo wa sili unapokaa, na ukucha ukakwama. Kwa macho hakikuonekana kitu, chuma kiling'aa tu. Lakini palikuwa na mfereji mwembamba kama uzi, umezunguka shafti yote.

Mama, nilikuona. Nilikuona siku ile foleni ya madebe ya mahindi imefika hadi msikitini, watu wanakupigia kelele, na wewe umechuchumaa unapitisha ukucha kwenye shafti ya mashine. "Sitavisha beringi mpya shafti mbovu," uliwaambia. "Iliyolika hula kila unachoivisha. Mwenye haraka aende mashine ile nyingine ya kule juu." Walikutukana, ukazima injini, ukapanda basi na shafti mapajani kwenda Dodoma kuikerezesha. Nilikuwa na miaka tisa na niliona aibu kwa ajili yako. Nisamehe kwa aibu ile.

Nikamwambia Keith, "Hii shafti imelika. Nikiweka sili leo, itavuja tena."

"Mafundi wawili waliotangulia hawakuona hilo."

"Hawakuvua glavu."

Alipitisha kidole, akasema hasikii kitu. Mikono yake ni migumu, imezoea kamba. Akaniambia kama nina uhakika, basi nimpigie mwenye boti mwenyewe nimweleze kwa nini safari yake imekufa. Kamau alininong'oneza, "Tatu, weka tu sili tusonge. Ukikosea hii, hutapewa nyingine."

Niliogopa, sitakuficha. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikiwa na simu mkononi, nikijiuliza kama ukucha wangu unaweza kushinda maneno ya mafundi wawili. Kisha nikapiga. Aliyepokea hakuwa mwenye boti, alikuwa Bi Ellen. Nilimweleza kila kitu taratibu. Akauliza, "Wewe ungempandisha mama yako kwenye boti hiyo, ilivyo sasa?"

"Hapana," nilimjibu.

"Basi tutasubiri."

Tuliipeleka shafti kwa mkereza chuma. Aliipima, akaniita nisome kipimo mwenyewe: imelika, tena zaidi kuliko nilivyodhani. Akaisawazisha na kuivisha pete nyembamba ya chuma kigumu. Tukaweka beringi mpya, sili mpya, tukalirudisha pezi, na kazi ya kulipanga likae katikati niliifanya mwenyewe, mara tatu.

Siku ya kuijaribu, upepo ulitoka mashariki na ziwa lilikuwa limechafuka vizuri. Bi Ellen alikuja. Alipanda akiwa ameshika kitasa kwa mikono miwili. Nahodha akaigeuza boti ubavu kwa mawimbi, mapezi yakiwa bado yamefungwa yasigeuke, nasi tukayumba kama walevi, vikombe vikateleza, Kamau akamwita Mungu kwa Kikuyu. Nikasema, "Washa."

Mama, ilisimama! Mawimbi yalikuwa yaleyale, tuliyaona yakija, yakipita chini yetu, na sakafu ikatulia kama sebule. Bi Ellen aliachia mkono mmoja. Kisha wa pili. Akatembea katikati ya jiko lake, peke yake, akamimina chai mpaka ukingoni mwa kikombe, akaniletea. Haikumwagika hata tone.

Baada ya saa tatu za mawimbi nilishuka chini na tochi, nikalala kifudifudi, nikapangusa mzunguko wa shafti kwa karatasi nyeupe. Ilitoka nyeupe. Nilimpelekea Keith karatasi hiyo mkononi. Aliitazama mbele na nyuma. "Kuanzia leo," akawaambia wote, "pezi halifungwi kwenye uwanja huu kabla Tatu hajaigusa shafti."

Kamau aliruka. "Umewaweza! Wallahi umewaweza!" Mkristo mzima, anaapa kama mtu wa Kondoa.

Nilitamani kukupigia simu. Hiyo ndiyo sehemu inayouma bado, mkono unatafuta namba yako kabla kichwa hakijakumbuka. Sikuwahi mazishi yako, na hilo sijalizoea. Lakini wiki hii yote natembea kifua mbele, na nataka ujue.

Mara ya mwisho tulipoongea, ukiwa hospitali, uliniuliza, "Huko kazini wanakuitaje?" Nikasema wananiita Tatu. Ukarudia, "Tatu tu?" nami nikaelewa ulitaka kusikia nini. Basi pokea jibu langu, limechelewa tu. Kamau alianza, wengine wakafuata, na jana Keith mwenyewe aliniita kutoka upande wa pili wa uwanja, kwa ulimi wake mzito, mbele ya watu: "Fandi!"

Nikaitika.

Pumzika kwa raha zako, mama.

Binti yako,
Fundi Tatu