Majani ya Juu Yalitoka Safi

Mama,

Nina hasira, sitakuandikia kwa adabu ya msibani. Niko nyumbani Matai kwa likizo, na juzi Shangazi kaja kuomba pingili za mihogo yako. Ndiyo, wifi yako yuleyule. Tangu biashara ya mihogo ifunguliwe malori yanafuata makopa, mihogo yetu mikavu, mpaka huku, naye shamba lake limekwisha kwa batobato, ule ugonjwa wa majani. Lako limesimama.

Unakumbuka mihogo yetu ilivyoanza kuugua? Majani yalijikunja, yakawa na mabaka ya njano. Nilitaka kung'oa, ukanizuia: "Acha, tuone majani ya juu." Ya juu yakatoka safi. Ya majirani hayakutoka safi, na Shangazi akasema nje ya kanisa, watu wakisikia: "Ugonjwa wake ameuhamishia kwetu." Basi, ukawa mchawi. Wakaacha kula ugali wako. Umekufa na jina hilo, Mama, na walioshika jembe kuchimba kaburi lako walikuwa wachache.

Muhula huu, chuoni Morogoro, ndipo nimeelewa. Kirusi kikiingia kwenye mmea, jeni zake hutoa maagizo, nayo maagizo hayo ni RNA. Mmea una vimeng'enya vyake. Kimoja hukata RNA ya kirusi vipande vidogo. Kingine hushika kipande kimoja kama sampuli, hutafuta RNA inayolingana nacho, na kuikata pia. Jeni ya kirusi ipo, ila imenyamazishwa, agizo lake halifiki. Kuna mbegu za mihogo zinazoliweza hilo kuliko nyingine, na yako ililiweza. Ni hayo tu! Mwalimu aliyamaliza kabla ya chai. Nilitoka nikaenda kulia chooni.

Nilitaka kumfukuza Shangazi. Lakini wewe ulinilea kwamba mbegu ya muhogo haiuzwi wala hanyimwi mtu. Umenifunga mikono hata ukiwa kaburini, na kwa hilo nimekukasirikia wewe pia.

Nilimweleza habari za vimeng'enya, akatazama chini. Nikamwambia pingili akakate mwenyewe, shamba liko nyuma ya kaburi. "Ila pita kwa wifi yako kwanza. Msalimie, umwambie ulisema uongo."

Aliondoka mikono mitupu. Mvua ziko karibu, atarudi.

Pumzika, Mama. Mbegu yako sitamnyima mtu, nakuahidi. Lakini hakuna atakayeifikia bila kukusalimia.

Mwanao