Nyumba ya Fuko Haina Mlango

Maktaba ya Shule,
Chumba cha pili baada ya stoo,
Jumamosi, tarehe 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Hujambo huko ugenini? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la kazini? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi uko salama, wifi amehamishiwa zamu ya asubuhi, na mwanao Chiriku ameng'oka jino la mbele. Hayo ndiyo mazuri. Yaliyobaki yamenikaa kooni tangu juzi, na nayaandika kwa sababu kwenye simu ukisikia nimepandisha sauti unaanza kunitania mpaka nasahau nilichopigia.

Ni habari ya ile nyumba uliyoagiza.

Nianze mwanzo, maana najua hukuelezwa. Kila mwezi hapa maktaba tunachagua kitabu kimoja, watoto wanakisoma, kisha wanatengeneza kwa mikono yao kitu kilichomo ndani yake. Mwezi uliopita walitengeneza samaki, na mpaka leo nabandua magamba ya karatasi kwenye viti. Mwezi huu ni nyumba. Kitabu chenyewe ni cha fuko aliyejenga nyumba nzuri huku yeye yumo ndani, akapaka rangi, akafagia, ndipo akagundua kuwa amesahau mlango. Badala ya kubomoa, akamtobolea kila rafiki tundu lake la kuongelea: la sungura refu kwa ajili ya masikio, la konokono chini kabisa, la twiga kule juu darini. Kitabu kizima hakuna mlango. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo.

Mwanao unamjua. Jina la Chiriku hatukumpa bure, anaongea hata usingizini, lakini ukimwekea kitabu mbele anaanza kuumwa tumbo. Mwaka mzima amekuwa akisoma maneno mawili matatu ya mwanzo na kujitungia yaliyobaki. Hiki cha fuko amekisoma mwenyewe mpaka mwisho, kidole kikifuata mstari, kwa sababu alitaka kujua tundu lipi ni la nani. Nilijifanya napanga rafu ili asinione nikifuta machozi. Alipomaliza akachukua boksi la sabuni, mkasi butu na gundi, akajenga. Limepinda upande mmoja, gundi imechuruzika kama kamasi, na mlango halina.

Sasa gundi ya maktaba ikaisha, watoto wengine wakaambiwa wamalizie nyumbani, na huko ndiko wazazi walikopata mwanya. Jumatatu zikaletwa nyumba ambazo mimi mwenyewe ningepanga. Moja imeezekwa bati, moja inawaka taa, moja imebebwa na wanaume wawili wakisaidiana. Zote zina milango. Nikamuuliza mtoto mmoja, je, fuko anatokaje humu? Akaniuliza, fuko gani?

Kabla sijapumua, akaja fundi seremala wa hapo kona na mzigo begani, akapitiliza mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu. Mbao zimepigwa msasa na vanishi, madirisha ya kioo, mlango una bawaba na kufuli yenye ufunguo wake, na juu yake kibao chenye jina la mwanao. Ameagizwa na baba mtu kwa simu, akasema. Mdogo wangu, Chiriku alikuambia anajenga nyumba. Wewe ukasikia nyumba tu, hilo la kujenga likakupita.

Mwalimu mkuu alifurahi kama yeye ndiye anayehamia. Akaamuru nyumba zote zipangwe juu ya meza za kusomea na kuzungushiwa kamba, asiguse mtu mpaka mgeni wa idara ya elimu aje kuziona. Kwa hiyo juma zima hakuna aliyesoma. Watoto walikuwa wanachungulia dirishani kama wadaiwa. Boksi la Chiriku akalinyanyua kwa vidole viwili mbele ya mwenyewe.

"Hii hata mlango haina," akasema, akalisukumia chini ya meza yangu.

Nikamwambia nyumba ya fuko haina mlango. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mgeni hatajua mambo ya fuko. Na kweli hakujua. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba alisema kweli.

Alhamisi nyumba yako ikawa ya kwanza. Chiriku akaitwa mbele, akapewa mkebe wa rangi, akapigiwa makofi. Mgeni akamuuliza kitabu kinasema nini. Mtoto yule unayemjua akatazama viatu vyake mpaka mgeni akahamia nyumba ya pili.

Jana nikatangaza kazi ya mwezi ujao, kofia. Nikamwekea Chiriku kitabu cha kofia mezani. Akakirudisha kwangu taratibu, bila hasira.

"Baba ataagiza," akasema.

Utasema shukrani ya punda ni mateke. Najua uko mbali, na ulitaka mwanao asionekane kama mtoto asiye na baba. Nakuelewa, na bado nimekukasirikia.

Watoto walipotoka nikalivuta lile boksi chini ya meza, nikalikagua huku kitabu nimekifungua. Tundu la sungura lipo. La konokono lipo, la twiga lipo. Likabaki moja upande wa nyuma, kubwa kuliko yote, limezungushiwa kalamu nyekundu, na kitabuni halimo. Nilipofika nyumbani nikamuuliza Chiriku kama alikosea. Akasema hapana, hilo ni la baba, maana baba naye haingii, anaongea tu.

Basi boksi nimelipeleka nyumbani. Ukishasoma barua hii, ukipiga, simu nitaiegemeza kwenye tundu lako. Habari za zawadi ziache. Muulize fuko anaendeleaje, kisha wewe unyamaze, umsikilize anavyokusomea, hata akichukua muda.

Mama anakusalimu na anataka kujua kama unakula. Wifi anakusalimu sana, mengine atakuambia mwenyewe. Fundi anakusalimu pia na anauliza kama utahitaji kofia. Mjibu wewe, mimi nikimjibu nitamkosea adabu.

Mungu akuponye kifua, akubarikie kazi ya mikono yako, na siku moja akurudishe uingie kwa mlango kama watu.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Shangazi wa Chiriku