Kahawa Uliyokunywa kwa Nargis

Rehema, shoga yangu,

Nakuandikia nikiwa nimenuna. Nalisema mapema kwa sababu hukupendaga nikizunguka.

Baada ya arobaini yako, mama yako aligawa vitu vyako. Mie nilipewa doti ya kanga na mkoba wako mweusi. Nargis, jirani yako wa Mbweni, akapewa vyombo vya kahawa: kile kikombe cha kauri chenye tundu chini, kinachowekewa karatasi ya kuchujia, na lile birika dogo lenye mdomo mwembamba. Nikashukuru, nikatabasamu, nikaondoka. Lakini njia nzima mpaka kwangu Mtoni roho iliniuma. Mie nimekujua tangu tunachota maji bomba moja. Yeye kakujua ulipohamia nyumba mpya. Kwa nini apewe yeye kitu ulichokuwa ukikishika kila asubuhi?

Unakumbuka siku uliyoniletea hiyo kahawa nyumbani? Ulipanga vyombo juu ya meza yangu ya kukatia nguo, ukawa unamimina maji kidogo kidogo, mie nimesimama nasubiri. Nikakuuliza, "Hii kahawa unaipika au unaimwagilia kama mchicha?" Ulicheka mpaka ukakalia vitambaa vya wateja. Niliinywa kwa shingo upande, maana kila ulichosema kilianza na "Nargis anasema." Nargis anasema usisage mapema, harufu itapotea. Nargis anasema maji yakichemka yaache kwanza yatulie. Nilitamani siku moja useme, "Salma anasema."

Jumamosi iliyopita nikaenda Mbweni. Nilikuwa nimejipanga: namwomba birika kwa adabu, akininyima nampa maneno yake. Alinifungulia mwenyewe, macho yamemvimba, akanikaribisha jikoni. Kabla sijasema haja yangu akawa ameshabandika maji.

Alisaga kahawa kwa kinu kidogo cha mkono. Akalowesha karatasi, eti isiharibu ladha. Akamimina maji kiasi, unga ukaumuka kama andazi, akasubiri, kisha akaendelea kumimina taratibu kwa kuzungusha. Jiko zima likanukia. Katika kusubiri huko ndipo alipoanza kukuzungumzia. Akasema tangu ulipoambiwa ni saratani, kila asubuhi watoto wakishaenda shule ulipita kwenye kigeti cha ukuta wa kati ya nyumba zenu ukaenda kwake. Wewe unasaga, yeye anamimina. Na kikombe hakijajaa, unasema, "Leo naogopa."

Rehema. Mie hukuniambia neno hilo hata mara moja. Mie uliniambia dawa zinakuchosha tu, basi. Ukaniletea magauni nikupunguzie kiuno, nikapunguza. Ukayarudisha, nikapunguza tena. Nikakutania kwamba unarudia usichana, na wewe ukacheka.

Wivu ulinikaba pale pale. Nikamwambia Nargis, "Alikuwa rafiki yangu mie, halafu hofu yake akakuletea wewe."

Hakukasirika. Aliifuta meza ambayo ilikuwa safi, akasema, "Salma, kwangu hakucheka hata siku moja. Akitoka kwako ananisimulia vituko vyako, namuona uso umechangamka, nakuchukia. Nilikuchukia, na hata sikuwa nakujua vizuri."

Nikanywa kahawa. Na leo naungama, shoga, ni tamu. Ni nyepesi lakini si maji. Haina machicha yanayokungoja chini ya kikombe, wala ule uchungu wa kuungua wa kahawa iliyokaa jikoni tangu alfajiri. Hata kiungulia changu hakikuamka. Birika sikuliomba. Nilirudi kwangu mikono mitupu.

Siku hizi nachuja yangu, kwa chombo cha plastiki nilichokinunua mwenyewe, kabla sijakaa kwenye cherehani. Nimegundua uzuri wake hauishii kwenye ladha. Ukali unaupanga mwenyewe, unapika kikombe unachokihitaji hakuna cha kumwaga, na huwezi kuiharakisha. Mume wangu Hamisi amezoea kusimama pembeni akisubiri chake, na mtu akisubiri hivyo mdomo unafunguka. Juzi, maji yanashuka, akaniambia kazini kwao wanapunguza watu na amekuwa akinificha. Tumekaa kwenye ndoa miaka yote hii, hatujawahi kuongea vile asubuhi.

Ila usidhani nimepoa. Nargis sasa ananipigia simu, na mie napokea, tunakutaja mpaka tunalia. Nikikata simu wivu unarudi pale pale. Yeye ana asubuhi zako ambazo mie sitazipata kamwe. Nikiziwaza, sindano inanichoma.

Mwanao Nasra ameanza kuja kwangu Ijumaa akitoka shule. Anafika anacheka, anatania kila mtu, kama wewe ulivyokuwa ukifika. Zamani ningecheka naye, nikampa chakula, nikaridhika kwamba mtoto yuko sawa. Ahadi yangu kwako ni hii: sitaridhika na kicheko chake. Nitamuuliza anaogopa nini, kisha nitanyamaza, hata kahawa ipoe.

Nargis amesema atamfundisha kuchuja. Nimemwambia kwa upole kabisa kwamba huyo nitamfundisha mie.

Lala salama, Rehema. Mungu akupe nuru huko uliko.

Wako, na kwa hili sitaki kushindana na mtu,
Salma