Nguvu za Kumnyanyua Konsolata

Mpanda Mjini, Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Amahoro, amani kwako na kwa wote walio hapo nyumbani Mishamo. Goti lako linaendeleaje na unyevu huu wa mvua? Maharage mmeshang'oa au bado yanalowa shambani? Na wanangu wawili, nasikia Yustina ameanza kusoma herufi na Deo amekataa kuchunga mbuzi. Waambie baba yao anawawaza kila siku, hata kama simu hapigi.

Kuna sababu simu sipigi, Mama. Chumba chetu unakijua, ni hicho kimoja. Nikiongea na wewe, mke wangu Konsolata anasikia kila neno, na nikitoka nje ananiita kuuliza nimesema nini. Ndiyo maana naandika. Barua nampa katekista anayerudi huko kesho. Isome mwenyewe polepole, usimpe kaka Nestori akusomee mbele ya watoto.

Unajua tangu ile pikipiki ilipomwangusha akitoka sokoni, miguu yake haijarudi. Siku tunaruhusiwa hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniita pembeni. "Baba," akasema, "huyu akilalia upande mmoja ngozi itaoza. Umgeuze, umkalishe, umtoe juani. Usichoke." Nikaitikia ndiyo. Lakini wewe Mama ndiye uliyenipeleka kwa fundi cherehani kwa sababu jembe lilinishinda. Miaka ishirini hii sijashika kitu kizito kuliko mkasi.

Sikukuambia kwamba nilimwangusha. Ilikuwa Jumapili, nimetoka misani, nikataka kumhamisha kitandani nimweke kwenye kiti cha magurudumu. Mgongo ukalia kah! Nikamwachia. Akaanguka kwa bega sakafuni. Nilijaribu kumwinua mara tatu, nikashindwa mara zote tatu. Mwishowe nikakaa chini pembeni yake, mimi nalia, yeye ananifuta machozi kwa ncha ya kanga, mpaka jirani yetu Mama Zuhura alipokuja kuomba chumvi akatukuta. Aliita wanawake wenzake. Wanawake ndio waliomrudisha mke wangu kitandani, Mama. Mimi nilishika mto.

Nyuma ya gereji ya malori kuna kibanda cha mabati ambako vijana wananyanyua vyuma. Siku tatu nilikwenda nikaishia mlangoni. Nasikia vyuma vinagongana, vijana wanaguna kama ng'ombe, nageuka. Nilikuwa nimebeba suruali mkononi nijifanye namtafuta mteja. Siku ya nne kocha wao, Msukuma mmoja mnene wa shingo anayeitwa Kulwa, akatoka nje akasema, "Fundi, hiyo suruali haina mwenyewe? Ingia ndani."

Nikaingia. Nilivaa bukta niliyojishonea kwa vipande vya bitana, na miguu yangu unaijua ilivyo. Kijana mmoja akapaza sauti, "Mzee, usije ukatuvunjikia humu!" Wakacheka. Vyuma vyenyewe ni mabomba yenye makopo ya rangi huku na huku, yamejazwa zege. Kulwa hakunipa kopo hata moja. Alinipa bomba tupu. Na hilo bomba tupu, Mama, lilinitetemesha mikono mpaka meno yakagongana.

"Weka chini," Kulwa akasema. "Unainama kama mtu anayeokota sindano. Mgongo si wa kunyanyulia. Shusha makalio, toa kifua, halafu sukuma ardhi kwa miguu."

Kesho yake sikuweza kuinua mkono kutunga uzi. Chooni nilishuka vizuri, kuinuka nikashika ukuta. Kola ya shati la mteja niliishona upande. Konsolata alinitazama nikitembea kama bata, akacheka, na tangu ajali sikuwa nimemsikia akicheka. Kwa kile kicheko tu nikarudi.

Wiki nzima bado niko na bomba tupu. Kulwa akaniuliza, "Fundi, unatafuta nini hasa? Kifua cha kuvalia fulana?"

"Nataka kumnyanyua mke wangu," nikasema.

Kibanda kizima kikacheka, walidhani natania. Nikawaeleza. Nikawaeleza na ile Jumapili. Kulwa akatoka, akarudi akiburuta gunia lenye mchanga nusu. "Mtu hana mpini," akasema. "Jifunze kwa hili. Likumbatie."

Basi nikawa nakumbatia gunia. Likinichubua kidevu, likinitoka mikononi, nalirudia. Mwezi ulipokaribia kwisha nikasema leo najaribu nyumbani. Nilishusha makalio, nikambana Konsolata kifuani, nikasukuma ardhi. Mama, alipanda! Nikamkalisha kwenye kiti bila kumgongesha popote, nikamtoa juani. Mama Zuhura akapiga vigelegele. Konsolata akanishika msuli wa mkono, akamwambia jirani, "Tazama, nimeolewa na fahali."

Tangu siku hiyo kila wiki nilimwona mwepesi zaidi. Nikajisifu. Niliwasimulia vijana wa kibandani, wakanipigia makofi. Nilitembea mjini nimetanua mabega, mimi Venansi. Sasa hivi nikikumbuka naona haya hata kuandika.

Wiki iliyopita niliona doa jekundu kwenye nyonga yake, kesho yake likawa kidonda. Nikampeleka hospitali. Kwa kuwa hawezi kusimama kwenye mzani, nesi akaniambia nipande nimembeba, kisha nipande peke yangu, halafu akatoa uzito wangu. Akatazama kadi ya mwanzo. Akarudia kunipima. Kisha akauliza taratibu, "Baba, kilo kumi na moja za huyu mama zimekwenda wapi?"

Kumbe si mimi niliyekuwa napata nguvu. Ni yeye aliyekuwa anaisha.

"Unakula, dada?" nesi akamwuliza.

"Nakula," akasema, huku akitazama dirishani.

Tulipofika nyumbani nilimlaza, nikafunga mlango. Nikamwambia, "Konsolata, asubuhi nakuachia uji. Mchana nakuachia ugali. Vinakwenda wapi?"

Alivuta kanga mpaka kidevuni. Kisha akasema, "Hujaona bata wa Mama Zuhura walivyonenepa? Nawatupia dirishani."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Siku ile niliusikia mgongo wako ulivyolia," akasema. "Nikajiuliza, na huyu akivunjika, nani atatunyanyua sisi wawili? Nikaona nipunguze mzigo."

"Wewe si mzigo."

"Anayebebwa ni mimi, Venansi. Usinifundishe."

Hata maji, Mama, alikuwa anaunyima mwili wake, asinisumbue kumpeleka chooni.

Nesi amesema kidonda hakitafunga bila chakula. Sasa Konsolata mwenyewe amekubali kula, lakini tumbo limekataa. Matonge mawili, anasema ameshiba. Nilimpikia samaki wa ziwani, mgebuka ule wenye mafuta anaoupenda, akageuzia uso ukutani. Nimembembeleza. Nimemgombeza, Mungu anisamehe. Nimesali. Juzi alimaliza nusu sahani, nikafurahi. Leo ametapika vyote. Kulwa anasema niendelee na mazoezi, kwa sababu akinenepa atanihitaji. Naenda. Nalikumbatia lile gunia na machozi yananitoka pamoja na jasho, wenzangu wanadhani ni jasho tu.

Mke wa kaka Nestori alipofiwa na mtoto akagoma kula, nakumbuka ulivyokaa naye. Mlikula sahani moja, tonge lako, tonge lake, hukumwambia kitu, na wiki ile haijaisha akawa anakula. Mimi nimejaribu vilevile. Ananirudishia tonge mkononi na kusema, "Kula wewe, wewe ndiye unayenyanyua."

Njoo, Mama. Najua maharage yapo shambani na watoto wapo kwako. Mke wa kaka anaweza kukaa nao siku chache, nimwandikie na yeye kama utataka. Sikuiti uje kunisaidia kumbeba. Kumbeba naweza. Kumlisha ndiko nimeshindwa, na sijui mahali pa kwenda kujifunza. Ukifika usimwambie kwamba nimekuandikia, sema umemkumbuka tu.

Msalimie kaka Nestori na mkewe, mwambie kaka shati lake liko tayari. Msalimie shangazi Spesioza, aendelee kutuombea jumuiyani. Mfikishie pole mzee wetu wa kijiji, nimesikia anaumwa. Watoto waambie mama yao anawabusu na kwamba nywele zake bado ni ndefu, kwa sababu Yustina huwa anauliza hilo kwanza.

Naishia hapa kwa haraka, ananiita nimgeuze.

Mwanao,
Venansi